Piga Picha ya Mmea, Si ya Ua Peke Yake

Je, picha ya simu inatosha kutupa jina la ua la porini? Swali hili lina uzito wa pekee Thika na Ruiru, kwa sababu huku ardhi inabadilika haraka. Mashamba ya kahawa yaliyotanda kutoka Ruiru hadi kingo za mto Chania yanazidi kukatwa viwanja. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 ilivuta nyuma yake mitaa mipya, maghala na vituo vya mafuta. Mvua inaponyesha, maua yaliyobaki kando ya mito, kwenye tuta la reli na katikati ya mistari ya mibuni hupata wapiga picha wengi kuliko wanabotania waliowahi kuyatembelea. Picha hizo huingizwa kwenye programu ya kutambua mimea, au hutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na swali fupi: "Hii inaitwaje?" Jibu huja mara moja, na ni nadra mtu kuuliza limetoka wapi.

Msimamo wangu ni huu. Picha inatosha mara nyingi kuliko wanavyokubali wataalamu waliozoea mmea mkavu mezani, na inashindwa mara nyingi kuliko wanavyodhani watumiaji wa simu. Ubora wa kamera una nafasi ndogo sana katika tofauti hiyo. Kinachoamua ni sehemu gani ya mmea imepigwa picha. Wengi hupiga ua, tena kwa mbele, kwa sababu ndilo lililowavutia. Utambulisho wa mmea mara nyingi umekaa pengine: nyuma ya ua, pale jani linaposhikana na shina, kwenye tunda bichi, kwenye vinyweleo ambavyo hakuna aliyesimama njiani kwa ajili yake.

Tuanze na mahali, maana mahali ni nusu ya jibu. Chania inashuka kutoka milima ya Nyandarua na kuungana na mto Thika karibu na hoteli ya Blue Posts, iliyojengwa mwaka 1908 kati ya maporomoko ya mito hiyo miwili. Maji hayo huishia Tana. Lakini Ndarugu na Ruiru, mito unayoivuka ukielekea Nairobi, humwaga maji yake Athi. Kwa hiyo abiria wa matatu anayetoka Thika kwenda Ruiru anavuka mgongo unaotenga mabonde mawili makubwa ya Kenya, na huenda asiuone. Udongo nao unagawanyika. Magharibi ya barabara kuna miinuko ya udongo mwekundu wenye asili ya volkano, ambako kahawa ilistawi kiasi kwamba kituo cha utafiti wa zao hilo kiliwekwa Ruiru, na aina ya mbuni iliyotolewa hapo mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11. Mashariki, kuanzia Juja kuelekea Kilimambogo, unaingia kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, uwanda wa nyasi na migunga. Mmea wa kwenye mawe yanayorushiwa maji ya maporomoko, gugu la shamba la kahawa na ua la uwandani ni wakazi wa dunia tatu tofauti. Anayeandika "Thika" peke yake chini ya picha ameitupa fununu kubwa kuliko rangi ya ua lenyewe.

Sasa tushuke hadi kwenye mmea mmoja tuutazame kwa karibu. Wakikuyu huita mukengeria mimea ya jenasi Commelina, ile inayotambaa shambani, yenye mashina yenye maji na maua madogo ya buluu. Ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka jua linapopanda, kwa hiyo anayepita adhuhuri hana cha kupiga. Picha ya mbele itaonyesha petali mbili kubwa za buluu, ya tatu ndogo iliyofifia, na stameni za manjano. Picha hiyo ni nzuri, lakini kwa kutambua spishi haisaidii sana, kwa sababu Commelina za buluu ni nyingi katika Afrika Mashariki na nyuso zao zinafanana. Lisogeze jicho chini kidogo. Ua linatoka ndani ya jani dogo la kijani lililokunjwa kama bahasha. Kingo za jani hilo zikiwa huru hadi kwenye kikonyo, fikiria Commelina diffusa na jamaa zake. Zikiwa zimeungana upande wa nyuma, fikiria Commelina benghalensis, au latifolia ambayo ni kubwa zaidi. Sasa angalia pale jani la kawaida linapokumbatia shina: benghalensis ina vinyweleo vya rangi ya kutu mdomoni mwa ala hiyo. Kisha fukua kidogo. Benghalensis ina vijishina vyeupe chini ya ardhi vyenye maua yasiyofunguka kamwe, yanayozaa mbegu humo humo udongoni, na hiyo ni sababu moja inayomfanya mkulima aupalilie leo na kuukuta tena baada ya mvua. Ukikuta ua ni la manjano, kuna uwezekano mkubwa uko mbele ya Commelina africana, na mkunjo wake wenye kingo huru utakuthibitishia.

Kwa mmea huu, basi, picha ya ua ndiyo yenye thamani ndogo kuliko zote. Picha ya mkunjo kwa ubavu, picha ya ala ya jani na picha ya vijishina vya chini ya ardhi ndizo zinazotoa hukumu. Robert Faden, aliyeandika sehemu ya familia hii katika kitabu kikubwa cha mimea ya ukanda wetu mwaka 2012, alijenga tofauti za spishi juu ya mambo ya namna hiyo, ambayo simu yoyote ya kawaida inaweza kuyanasa mtu akiinama.

Mambo ya aina hiyo yako kila mahali. Kando ya njia za Gatundu na Kandara utakuta vichaka viwili vya jenasi Lantana. Kimoja ni Lantana camara, mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, mwenye miiba midogo iliyopinda shinani na vishada vya maua yanayobadili rangi kutoka manjano hadi chungwa au waridi. Kingine ni Lantana trifolia, ambayo Wakikuyu huiita mukenia, yenye maua ya zambarau na vishada virefu vya matunda ya zambarau ambayo watoto huyala. Ukikosa tunda, hesabu majani kwenye kifundo kimoja cha shina. Mukenia kwa kawaida hutoa majani matatu kwenye kifundo, na camara hutoa mawili yanayoelekeana. Picha moja ya kifundo inamaliza ubishi, na wapiga picha wengi hawaipigi.

Kuna kingine kinachopotea bila mtu kujua, nacho ni mkao wa ua. Mnanaha, Datura stramonium, husimamisha maua yake meupe juu, na tunda lake limejaa miiba. Brugmansia, ambayo hupandwa kama ua la uzio katika sehemu za baridi za Kiambu, huning'iniza yake chini, na tunda lake halina miiba. Mtu akilikamata ua mkononi, akaligeuza kuelekea kamera na kupiga, amefuta alama ya kwanza ambayo mtaalamu angeitafuta. Yote mawili ni sumu kali, kwa hiyo hapa kosa halibadilishi onyo. Lakini tabia ya kuchuma ua na kulipiga picha kiganjani inafuta pia urefu wa mmea, namna unavyosimama, kama unatambaa au unaparamia, na umeota juu ya nini.

Tukubali sasa upande wa pili: kuna mimea ambayo picha haiwezi kuimaliza hata ikipigwa kwa ustadi. Managu ni mfano ulio sokoni kila siku, Thika na Ruiru. Kundi hili la Solanum lina spishi zinazofanana sana, na katika maandishi ya zamani nyingi zilibebeshwa jina moja, Solanum nigrum. Wataalamu walizitenganisha kwa hesabu ya kromosomu pamoja na umbo: americanum ina seti mbili, villosum nne, nigrum yenyewe sita. Hakuna kamera inayohesabu kromosomu. Hata hivyo matunda yaliyoiva husaidia sana. Villosum huiva kwa rangi ya chungwa, americanum huwa na matunda madogo meusi yanayong'aa, na scabrum, ile inayolimwa kwa majani mapana, huwa na matunda makubwa ya zambarau iliyokoza. Picha ya managu yenye maua meupe tu, bila tunda, ninaiona kuwa haifai kupewa jina zaidi ya Solanum. Kusimama kwenye jenasi ni jibu kamili pale ushahidi unapoishia, na anayelazimisha spishi anaongeza uongo kwenye kumbukumbu.

Halafu kuna harufu. Parthenium hysterophorus, gugu kutoka Amerika, limeingia Kenya na limo mashambani mwa kahawa. Maandishi ya utafiti wa magugu ya kahawa nchini yaliyotoka mwaka 1991 tayari yalikuwa yakilitaja pamoja na kishona nguo kwa namna yanavyostahimili dawa ya paraquat. Mtu anayelishika mara kwa mara anaweza kupata mzio mkali wa ngozi au wa kupumua, na mifugo wakilila maziwa huwa machungu. Mmea wake mchanga una majani yaliyochanika-chanika yanayofanana sana na ya pakanga, na pakanga ya Artemisia annua ndiyo iliyotafutwa na wengi kwa sababu ya dawa ya malaria. Mtu akipiga picha jani la mmea mchanga wa Parthenium kisha akaambiwa ni Artemisia, hatari si ya kitaaluma tena. Ni ya kikombe cha chai. Ukilisugua jani, pakanga hutoa harufu kali isiyosahaulika, na Parthenium haina harufu hiyo. Mmea ukishachanua, vichwa vyake vidogo vyeupe vyenye pembe tano vinaondoa shaka. Kabla ya hapo, pua inashinda kamera, na anayetuma picha aandike chini yake alichonusa. Iwapo swali la mtu ni "naweza kuinywa?", jibu la programu ya simu lisitumike kabisa.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Programu hizi zimelishwa mamilioni ya picha ambazo watu walikwisha kuzipa majina, zikajifunza kupima kufanana. Pl@ntNet ilitoka katika taasisi za utafiti za Ufaransa, na programu yake ya simu ikatolewa mwaka 2013. iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mapendekezo ya kompyuta yakaongezwa mwaka 2017. Spishi isiyo na picha za kutosha haimo kwenye orodha ya mashine, na mashine haiwezi kutaja jina ambalo haikufundishwa. Itataja jirani, au jirani wa jirani, mara nyingi mmea wa Ulaya au wa Amerika ya Kaskazini, ambako wapiga picha ni wengi.

Hapa Thika jambo hili linaleta matokeo ambayo sijaona yakizungumzwa vya kutosha. Mashine inawajua wageni vizuri kuliko wenyeji. Jaribu kishona nguo, Bidens pilosa, ambayo Wakikuyu huiita mucege. Jaribu mung'ei, Galinsoga parviflora. Jaribu ile alizeti mwitu ya Tithonia diversifolia inayong'arisha kingo za barabara, au Lantana camara. Programu itajibu sawasawa karibu kila mara. Yote hayo asili yake ni Amerika, yamesambaa duniani, na yamepigwa picha kutoka India hadi Brazil. Basi mtu wa Ruiru anayeanza na magugu ya shamba lake anapata majibu sahihi mfululizo, imani yake inapanda, kisha anaenda nayo hadi kwenye mmea wa kienyeji wa kwenye mawe ya Chania au nyasi za Juja. Huko marejea ya Crotalaria, mimea ya familia ya Acanthaceae na kundi lililokuwa likiitwa Vernonia vina spishi nyingi zinazotofautiana kwa mambo madogo, na picha zake zilizothibitishwa ni chache. Jibu linakuja kwa haraka ile ile, lakini nguvu yake haiko sawa. Mtumiaji hana namna ya kuhisi tofauti hiyo asipoijua mapema.

Kosa likishaingia lina njia ya kujizalisha. Kwenye iNaturalist, kumbukumbu ya mmea wa porini yenye picha, tarehe na mahali hupanda daraja la kufaa utafiti watoa maoni wawili au zaidi wakikubaliana, mradi wanaokubali wazidi theluthi mbili. Kumbukumbu za daraja hilo zenye leseni huru huingia kwenye hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe, GBIF, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao Copenhagen. Utaratibu huu ni mzuri pale wanaokubali wamechunguza. Lakini mpiga picha akibofya pendekezo la kwanza la mashine, na rafiki yake akabofya "nakubali" kwa heshima ya urafiki, jina baya limekuwa takwimu, na kesho mashine itafundishwa kwa picha hiyo hiyo. Tangu mwaka 2023 iNaturalist hutumia pia kielelezo kinachokadiria spishi gani zinatarajiwa mahali gani, na hilo limepunguza majina ya Ulaya kwenye picha za Kenya. Hata hivyo kielelezo hicho nacho kimejengwa kwa kumbukumbu zilizopo. Penye kumbukumbu chache hukisia.

Tiba yake iko umbali mfupi kutoka Ruiru. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, yenye vielelezo vinavyokaribia milioni moja. Mizizi yake ni Amani, milimani Usambara, ambako Wajerumani walifungua taasisi yao mwaka 1902. Mkusanyiko ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kutokana na hazina kama hiyo na ile ya Kew, London, ulitungwa ule mfululizo uitwao Flora of Tropical East Africa. Sehemu zake za kwanza zilitoka mwaka 1952 na za mwisho mwaka 2012, nao unaeleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa mtu wa kawaida vitabu vinavyoshikika ni vingine: Upland Kenya Wild Flowers cha Agnew, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1974, kwa mimea isiyo miti, na kile cha Henk Beentje cha mwaka 1994 kwa miti, vichaka na mitambaa ya Kenya. Kwa mkulima nakipenda kuliko vyote Magugu ya Afrika Mashariki cha Terry na Michieka, kilichochapishwa na FAO mwaka 1987 kwa Kiingereza na Kiswahili. Ratemo Michieka baadaye alikiongoza Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, katikati kabisa ya eneo tunalolizungumzia. Kitabu cha kisayansi kinachomweleza mkulima gugu lake kwa Kiswahili kilikuwepo kabla ya simu hizi, na inauma kwamba hakijapata warithi wengi.

Kitabu na mashine vinaweza kugombana, na si lazima kimoja kiwe kimekosea. Mtunguja, ule mmea wa miiba wenye maua ya zambarau na matunda ya manjano unaoota kila penye malisho yaliyochoka, umeitwa Solanum incanum kwa vizazi vya wanafunzi wetu. Maria Vorontsova na Sandra Knapp walipolipitia upya kundi la Solanum zenye miiba barani Afrika, walionyesha kwamba mmea ulioenea Afrika Mashariki na Kusini kwa sehemu kubwa ni Solanum campylacanthum, na incanum halisi ni wa maeneo makavu zaidi, kuelekea kaskazini hadi Uarabuni na India. Migunga nayo ilihamishwa kutoka Acacia hadi Vachellia na Senegalia baada ya maamuzi ya kongamano la Vienna mwaka 2005, yaliyothibitishwa Melbourne mwaka 2011. Mwalimu wa Thika anayekuta programu inakataa jina la kitabu chake asifadhaike. Aangalie mwaka wa kitabu, kisha aangalie kama majina hayo mawili yanaelekea kwenye mmea mmoja.

Nirudi kwenye mahali, kwa sababu hapa Chania inatupa somo gumu kidogo. Kenya ina mito miwili yenye jina hilo, na yote inatoka Nyandarua. Mmoja unapita Thika. Mwingine unapita Nyeri, na huko juu, ndani ya mbuga ya Aberdare, una maporomoko yanayoitwa Maporomoko ya Chania pia. Thika iko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maporomoko ya Aberdare yako kwenye baridi ya milimani, kati ya mimea ambayo haiwezi kuishi kwenye joto la huku chini. Picha au karatasi ya zamani ya hebaria iliyoandikwa "Chania Falls" bila kingine inaweza kumpeleka mchunguzi kwenye orodha ya mimea ambayo siyo kabisa. Simu iliyowashwa GPS huondoa tatizo hili, kwa kuhifadhi mahali na wakati ndani ya faili la picha. Lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na taarifa hizo huondolewa. Anayepokea na kuipakia anaipa tarehe ya leo na mahali alipoketi. Picha ikitumwa kama waraka hubaki na taarifa zake. Ni jambo dogo, na limeharibu kumbukumbu nyingi kuliko ukungu wa lenzi.

Usahihi huo huo wa mahali una upande wa hatari. Mishubiri ya porini ilivunwa hovyo kwa ajili ya utomvu wake hadi rais akapiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986, na msandali, Osyris lanceolata, ukapigwa marufuku mwaka 2007 baada ya wafanyabiashara kung'oa miti mizima pamoja na mizizi. Picha yenye nukta kamili ya ramani inaweza kumwelekeza mwizi moja kwa moja. iNaturalist inaruhusu kuficha mahali, na nukta inayoonekana huangushwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, ambao huku karibu na ikweta ni takribani kilomita 22 kila upande. Kwa mshubiri, msandali na okidi, ifiche bila kusita. Na kwa kuwa tumeutaja mshubiri: majani peke yake hayatoshi. Aloe secundiflora hutambulika kwa maua yanayojipanga upande mmoja wa tawi la kishada, kwa hiyo piga kishada chote kutoka chini hadi juu, kisha jani, meno yake na madoa kama yapo.

Na wazee je? Majina ya kienyeji hayapaswi kubaki nje ya kumbukumbu. John Kokwaro alikusanya matumizi ya dawa na majina ya lugha nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1976, na Patrick Maundu na wenzake wakafanya hivyo kwa mimea ya chakula ya Kenya mwaka 1999. Jina moja linaweza kubeba mimea miwili: mbigili ni Tribulus terrestris kwa wengine, na ni Oxygonum sinuatum kwa wengine. Lakini likiandikwa pamoja na picha, mahali na lugha ya aliyelitaja, linaongeza ushahidi ambao mashine haina popote.

Tunafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, kazi ingeanzia. Baada ya mvua za kwanza, nyanda za nyasi za Kenya huchanua maua ya mimea yenye vitunguu chini ya ardhi, ambayo miezi mingine haionekani. Scadoxus multiflorus mara nyingi hutoa tufe lake jekundu kabla ya majani. Ammocharis na Crinum zikitazamwa kwa ua tu zinachanganywa kwa urahisi. Majani ya Ammocharis yanapotoka, hulala chini kwa pande mbili, na hapo tofauti inakuwa wazi. Mmea wa namna hii unahitaji ziara mbili, moja ya ua na nyingine ya jani, mahali pale pale palipotiwa alama. Hakuna mgeni wa siku moja anayeweza kuifanya kazi hiyo. Wakazi wa Juja wanaweza, na wanafunzi wa chuo kilichoko hapo wanaweza pia, wakipeleka kielelezo kikavu Nairobi pale picha inapokwama. Ningewaomba waanze na uwanda kabla ya kahawa na kabla ya maporomoko. Magugu ya kahawa yataota tena mwakani, na mawe ya Chania hayajengeki kwa urahisi, lakini kwenye udongo mweusi wa Juja vigingi vya viwanja vimekwisha kupigwa.